Mjadala: Je, ni haki vyuo vikuu vya Uingereza kubebeshwa nyongeza ya Bima ya Taifa bila fidia?

Wadau, tangu Aprili 2025 mwajiri nchini Uingereza anachangia Bima ya Taifa (mchango wa lazima kwa serikali, unaokokotolewa kwa mshahara wa kila mfanyakazi) kwa asilimia 15, badala ya 13.8. Wengi wanabishania asilimia hiyo tu. Mimi naona pigo kubwa liko kwenye kima ambacho mchango unaanza kutozwa: kimeshushwa kutoka mshahara wa paundi 9,100 kwa mwaka hadi 5,000.

Tupige hesabu. Mhadhiri wa paundi 40,000 alikuwa analipiwa paundi 4,264. Sasa ni 5,250. Mchukue sasa mfundishaji wa semina wa saa chache, anayepata paundi 10,000 kwa mwaka. Alikuwa analipiwa 124. Leo ni 750, mara sita! Na hawa wa saa chache, pamoja na wasafishaji, ndio wanaoshikilia shughuli za kila siku chuoni. Bajeti ikibana, mikataba yao ndiyo rahisi kutohuishwa.

Mtasema ada imepanda. Ni kweli: England, sehemu kubwa zaidi ya Uingereza, ada ya juu kabisa kwa mwanafunzi wa nyumbani (mkazi wa huko, si mgeni), baada ya kuganda tangu 2017, ilitoka paundi 9,250 hadi 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Nyongeza ni paundi 285. Yule mhadhiri mmoja peke yake anameza nyongeza ya wanafunzi watatu na zaidi, na hapo bei za vitu vingine hatujazigusa. Kwa wanafunzi wa Uskoti wanaosomea kwao, ambao hawatozwi ada, hata hiyo 285 haipo.

Wapo wanaosema vyuo vimejitakia, kwa majengo ya fahari na mishahara minono ya wakuu wake. Kuhusu mishahara hiyo niko pamoja nanyi, ipunguzwe. Ila chuo chenye wafanyakazi 5,000 kinaongezewa mamilioni ya paundi kila mwaka. Mshahara wa mkuu mmoja haufui dafu hapo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Waajiri wa sekta ya umma walitengewa fedha za kufidia mzigo huu, vyuo vikaachwa kwa kuwa havihesabiwi humo. Sawa, basi viwe huru kama kampuni! Kampuni ikiongezewa gharama hupandisha bei. Chuo cha England hakiwezi, kwa sababu ukomo wa ada ya wanafunzi wa nyumbani unawekwa na serikali ileile iliyopandisha mchango.

Anayepinga fidia anijibu: pesa hiyo itoke wapi, kama si kwa kupunguza wafundishaji?