Jukwaa la bendi City Park limekaa tupu: kaunti ilipie muziki wa Jumapili?

Wenzangu wa Nairobi, naomba tulijadili hili waziwazi: je, kaunti igharamie bendi zipige bustanini Jumapili mchana, mahali mzazi anapoweza kwenda na watoto? Mimi nasema ndiyo, na nitaeleza kilichonisukuma.

Jumamosi moja ya likizo tulitoka watano: mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto wawili, wa miaka 9 na 12. Tulianzia Nairobi Gallery, lile jengo la zamani pale Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue. Lilijengwa 1913 kuwa ofisi ya mkoloni, na humo ndimo watu walikokuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo. Siku hizi limehifadhi hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyeacha kiti mwaka ule ule wa 1966 alioteuliwa, na ambaye mapenzi yake makubwa yalikuwa kukusanya sanaa ya Afrika. Mlangoni mama mkwe alinung'unika kwamba haifai kulipa kiingilio kuona vitu vilivyokuwa nyumbani kwao. Ndani, yeye ndiye aliyekawia zaidi. Alisimama mbele ya mapambo akawaeleza wajukuu nani huvaa nini na lini, mpaka familia nyingine mbili zikasogea kumsikiliza.

Kijana wangu akataka kujua Murumbi alizikwa wapi, kwa hiyo tukapanda matatu hadi City Park. Amelala humo na mkewe Sheila, penye sanamu, katika bustani ile ile alimozikwa rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa 1965. Sasa, ndani ya City Park kuna jukwaa la bendi, limejengwa makusudi ili watu wakae kwenye nyasi wasikilize muziki. Siku hiyo waliokuwa juu yake ni kima. Binti yangu akauliza, "Baba, bendi inakuja saa ngapi?" Nilikosa la kumjibu.

Jioni nikawapeleka mahali ninapopajua, penye rumba kila Jumamosi. Bawabu akaniambia kwa adabu, "Mzee, watoto hapana." Simlaumu. Sheria ya vileo ya 2010, hii tuliyozoea kuiita Sheria ya Mututho, inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia pombe inaponywewa. Sheria nzuri, na sitaki ilegezwe. Lakini tazameni matokeo yake: muziki wetu wa bendi, wa benga, rumba na zilizopendwa, unaishi baa, kwa hiyo mtoto wa Nairobi anaukuta kwanza kwenye simu, na gitaa lenyewe analiona akiwa mtu mzima. Kuna tamasha za hapa na pale na vituo vya utamaduni mjini, nakubali. Hizo si za kila wiki wala si za kila mfuko.

Leseni za baa hutolewa na kaunti, na ada zake huingia kaunti. Sehemu ndogo ya ada hizo ilipe bendi moja kila Jumapili, saa nane hadi saa kumi na moja, bila pombe. Nataka tuiandikie kaunti barua, tutie sahihi. Mnasemaje?

Mpiga besi, Ngara

Ndugu, nimelisoma hili mara mbili kwa sababu linanihusu. Mwenye baa ananilipa kwa sababu bendi inakalisha watu, na watu wakikaa bia inatoka. Usiku ukiwa mbaya tunapunjwa, lakini tunaenda nyumbani na chochote usiku ule ule. Niliwahi kupiga kwenye sherehe ya ofisi moja ya umma nikaambiwa hundi inashughulikiwa. Nilifuatilia miezi saba. Nauli ya kufuatilia ilikula nusu ya malipo. Na kuna jambo jingine: ukimzoesha mtu muziki wa bure bustanini, Ijumaa ukimdai kiingilio anakuuliza kwa nini. Mimi napinga, ingawa nami nina watoto na hawajawahi kuniona kazini.

Mama wa watatu, Kayole

Baba, hongera kwa kuwatoa watoto. Ila hesabu yako ni ya mtu aliye karibu na mjini. Sisi kufika City Park ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, mara watu watano. Na majumba ya sanaa ndiyo mbali zaidi: Circle iko Lavington, NCAI, ile taasisi ya sanaa ya kisasa, imo ndani ya jengo la maduka kule Rosslyn. Hata mlango ukiwa wazi, nani wa huku atafika? Kaloleni kuna ukumbi wa kijamii, Pumwani kuna Memorial Hall. Maktaba za Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa zikapendeza. Anzeni hapo, michoro ukutani na bendi uani, nami nitakuja na majirani kwa miguu au kwa matatu moja.

Mzee wa kanisa, Kahawa West

Watoto wetu husikia gitaa, kinanda na ngoma kila Jumapili kanisani, bure. Na saa nane wengine bado tuko ibadani. Pesa za kaunti zizibue mitaro kwanza.

Mwalimu wa muziki, Korogocho

Mnazungumzia kusikiliza, mimi naomba tuzungumzie kupiga. Hapa kwetu Ghetto Classics, mradi wa kufundisha watoto muziki, ilianza 2008 kwenye uwanja wa parokia ya St. John, kando ya jaa la Dandora, na watoto wanashika fidla na tarumbeta. Wanachokosa wengi wao ni mahali pa kuonyesha walichojifunza mbele ya wazazi wao. Jukwaa likifunguliwa, nusu saa ya kwanza iwe ya watoto. Na City Park msisahau hospitali iko karibu, spika zisielekezwe huko.

Mwanzilishi wa mada

Mama wa Kayole amenishinda. Nilifikiria jukwaa kwa sababu nililiona tupu. Bendi izunguke, Jumapili moja Kaloleni, nyingine Pumwani, nyingine City Park, na nusu saa ya mwalimu ibaki. Mzee wangu wa Kahawa, kwaya tunaipenda na mitaro naijua, ninapita juu yake kila mvua ikinyesha. Lakini benga haipigwi ibadani, na mtoto asiyeijua hatakuja kuililia ikifa. Tusogeze saa iwe tisa, watu watoke kanisani.

Kaka wa besi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, na sitaki bendi igeuzwe ombaomba. Ukilipwa siku ile ile, kiasi kile kile cha Ijumaa, bado unapinga?

Mpiga besi, Ngara

Andika kwenye hiyo barua kwamba pesa zinalipwa kabla vyombo havijapandishwa jukwaani. Likiwepo, natia sahihi na nakuja na wanangu. Lisipokuwepo, sitii.