Wakuu naomba ushauri: konsoli mpya imetoka na wenzangu wote wanaiponda, nimsikilize nani?

Wakuu, habari za wakati huu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Tangu Nintendo Switch 2, mashine ya magemu ya kushika mkononi au kuchomeka kwenye runinga, iingie sokoni tarehe 5 Juni 2025, kundi letu la magemu halina habari nyingine ila kuiponda. Ni ile ile ya 2017, wameongeza kioo tu. Wanatukamua. Atakayenunua sasa hivi ni mjinga. Mimi hela ya konsoli hii nimeiweka pembeni tangu ilipokuwa fununu, na si mtu wa kununua kila kinachotoka. Ninachopenda ni magemu ya kukaa watu wawili watatu mbele ya kioo kimoja, na hapo Nintendo hawajawahi kuniangusha.

Shida ni kwamba siku hizi huwezi kuuliza swali la maana. Niliuliza kama kadi zangu za magemu za Switch ya zamani zitaingia, nikajibiwa "subiri wakuuzie upya". Kicheko kikaenda, swali likabaki pale pale. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wapo kati yao walioumwa kweli. Ila siwezi tena kujua ni nani anaongea kwa uzoefu na nani anafuata mkumbo.

Ninunue sasa, nisubiri, au niachane nayo? Na katika lawama zote hizi, zipi zina uzito?

Kobe Mzee:
Mkuu, nunua. Hawa wapondaji wamekuwepo tangu zamani na utabiri wao una makosa mengi. Jina la Wii, konsoli ya Nintendo, lilipotangazwa 2006 watu walilicheka mpaka basi, mashine ikauza zaidi ya milioni 100. Mwaka huo huo PS3 ya Sony, ile ya GB 60, ilitoka kwa dola 599 kule Marekani, wakasema imekufa kabla haijazaliwa. Ikapita milioni 80.

Soketi:
Mkuu Kobe, kwa heshima zote, umechagua zile zilizofaulu tu. Wii U ya 2012 je? Watu walilalamika kwamba haieleweki kama ni konsoli mpya au ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii, na walikuwa sahihi. Iliishia milioni 13 na ushee. Stadia ya Google, huduma ya kucheza magemu kupitia intaneti, ilipoanza Novemba 2019 watu walisema hawa hawatakaa nayo muda mrefu, na Januari 2023 ikazimwa. Pesa za magemu zilirudishwa, hilo niwape haki yao, lakini waliotabiri hawakubahatisha.

Na kuna jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui. Xbox One, konsoli ya Microsoft, ilipotangazwa Mei 2013, mpango ulikuwa mashine iguse intaneti angalau mara moja kila saa 24, na gemu la diski lifungwe kwenye akaunti, ili kuliuza au kumpa rafiki kuwe na masharti. Watu walipiga kelele kila kona. Kabla Juni haijaisha, Microsoft wakafuta mpango mzima. Kama wote wangekuwa wapole siku zile, leo kuazimana diski kungekuwa na sura nyingine kabisa. Kwa hiyo mimi siwezi kumwambia mtu anyamaze eti kwa sababu anaharibu furaha ya wengine.

Pedi ya Pili:
Wote wawili mna hoja. Mleta uzi, mimi huwa naangalia kitu kimoja: lawama inataja nini? Mtu akisema "wanatukamua", hujapata chochote cha kukagua. Akisema "kioo ni LCD wakati Switch ya 2021 ilikuwa na OLED", hapo ametaja kitu, unaweza kwenda ukakiona kwa macho yako. Na ni kweli, LCD na OLED ni aina mbili tofauti za kioo. Kioo kipya ni kikubwa zaidi, inchi 7.9, kina ukali wa picha wa 1080p na kinafika fremu 120 kwa sekunde, lakini weusi wake hauifikii OLED. Kama unachezea kwenye runinga, hilo halikuhusu.

Lawama nzito kuliko zote kwangu ni ya kadi za ufunguo. Unanunua kasha, unafungua, kadi ipo. Unaichomeka. Unachokutana nacho ni mstari wa kupakua, kwa sababu ndani ya kadi hakuna gemu, kuna ruhusa tu. Unaweza kuiuza au kuiazimisha kama kadi ya kawaida, na baada ya kupakua unacheza bila intaneti mradi kadi iwe imechomekwa. Lakini siku seva zikizimwa, mwenye kadi hiyo na konsoli tupu hana gemu. Kwa mtu anayetunza magemu yake miaka ishirini, hili ni la kukasirikia, na nimekasirika. Habari njema ni kwamba kasha lenyewe linaandikwa mbele, kwa hiyo soma kabla hujalipa. Siyo yote yako hivyo: Cyberpunk 2077 ilikuja nzima ndani ya kadi ya GB 64.

Swali lako ulilokosa jibu, la kadi za zamani: ndiyo, kadi nyingi sana za Switch ya kwanza zinaingia na kucheza. Ila kadi ya kumbukumbu ya zamani haitahifadhi magemu, hii inataka kadi ya aina mpya iitwayo microSD Express. Iweke kwenye bajeti.

Nyota Tatu:
Subiri bei ishuke. 3DS, konsoli ya mkononi ya Nintendo, ilitoka Machi 2011 kwa dola 249.99 Marekani, Agosti ikawa 169.99. Haraka ya nini?

Pedi ya Pili:
Nyota Tatu, waliowahi 3DS walipewa magemu 20 kama fidia, na hiyo ilikuwa 2011. Switch ya kwanza ilikaa kwenye dola 299.99 miaka mingi bila kushuka, na PS5 ilipandishwa bei nchi nyingi Agosti 2022, karibu miaka miwili baada ya kutoka. Kusubiri kuna sababu nzuri, ila bei si mojawapo.

Bisibisi:
Sababu nzuri ya kusubiri ni hii. Mimi nafungua pedi kwa kazi. Ndani ya kijiti cha pedi nyingi kuna njia nyembamba ya kaboni na kijichuma kinachoisugua kila unapokisogeza. Inaliwa taratibu, unga unabaki humo ndani, na siku moja unaweka pedi mezani, hujaigusa, na mhusika wako anatembea kushoto mwenyewe. Joy-Con za kwanza, yaani pedi za Switch ya 2017, zilijulikana dunia nzima kwa ugonjwa huo. Kuna vijiti vya sumaku ambavyo havigusani, na Nintendo wenyewe walisema Joy-Con 2 hazitumii aina hiyo. Wamevitengeneza upya, sawa, lakini ugonjwa huu hauonekani kwenye mapitio ya wiki ya kwanza, yawe yanasifia au yanaponda. Ukinunua sasa tunza risiti na ujue dhamana yako inaisha lini.

Kaa Nao:
Naongeza la wenzako, maana naona ndilo linalokuuma. Anayeponda akikosea, hakuna anayemdai. Anayesifia akikosea, anachekwa mwaka mzima. Ndiyo maana kundi likishazoea kuponda, hata aliyefurahi ananyamaza. Na wengine wanaitaka mno, uwezo tu haujaruhusu. Usibishane nao kwenye kundi. Waite waje wacheze.

Mleta uzi:
Wakuu, nawashukuru sana, humu nimepata majibu ya maswali ambayo sikuwa nimeuliza. Nanunua, nachezea kwenye runinga, na kadi za ufunguo sigusi. Kaa Nao, umegonga penyewe. Wawili kati yao wana Switch ya kwanza na ndio wanaoongoza kuponda. Kuna namna ya kucheza nao bila wao kununua kitu?

Pedi ya Pili:
Ipo, inaitwa GameShare. Gemu linakuwa kwenye Switch 2 yako, wao wanajiunga kwa kutumia Switch zao wakiwa karibu nawe. Si kila gemu linakubali. Anza na Super Mario Odyssey au Clubhouse Games, yote mawili yaliongezewa uwezo huo bure. Hakikisheni tu kwamba mashine zote zina programu mpya kabla hamjakaa.