Mikumi au Saadani likizo ya Desemba? Watoto wanataka kuwaona wanyama kwa karibu

Baba Naima (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nimewaahidi watoto kwamba shule zikifungwa tutatoka Dar tukaone wanyama wenyewe, siyo wa kwenye runinga. Mimi navutwa na Saadani kwa sababu ya bahari, mama yao ameshikilia Mikumi. Aliyefika kote kuwili anisaidie, chumba natakiwa nikilipie wiki hii. Nataka watoto wamwone tembo akipepea masikio, siyo kidoa cheusi kule mbali.

Mchunga Nyati
Mko wangapi? Watoto wa umri gani? Gari gani? Mnalala au mnarudi siku hiyo hiyo? Bajeti? Humu hatupigi ramli, mkuu.

Mluguru Halisi
Mikumi, wala usijiulize. Barabara ya Iringa inaikatiza hifadhi kama kilomita 50, ukiwa kwenye basi tu unawaona twiga na swala pala bila kulipa hata shilingi. Ukiingia ndani alfajiri, uwanda wa Mkata una pundamilia, nyumbu, nyati na tembo. Bwawa la viboko haliko mbali na geti. Saadani utakula samaki wazuri, hilo sibishi.

Binti Pangani
Watu wanaisema Saadani kwa kusimuliwa. Hakuna hifadhi nyingine ya taifa huku bara inayogusa bahari. Panda boti Mto Wami: viboko wanakutolea macho hapo hapo, mamba wameanika migongo kingoni. Pwani ya Madete kasa hupanda kutaga. Simba usiwategemee, na tembo ni bahati yako, nasema ukweli. Ila mtoto akichoka kukaa garini unamshusha anaoga baharini. Mikumi utamshusha wapi?

Baba Naima
Tuko sita, watoto wanne, kitinda mimba ana miaka mitatu. Tunalala usiku mmoja. Gari ni Noah.

Dereva Mstaafu
Noah! Desemba! Mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha, udongo mweusi wa mbugani utakushikilia hadi jioni, na hilo ni kote, Mkata na Saadani. Noah iache hotelini, kodi gari la juu lenye dereva anayezijua njia. Na Desemba nyasi zimeshaanza kurefuka. Wakati wa kuona wanyama ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, maji yakipungua wote wanakusanyika kwenye madimbwi.

Mchunga Nyati
Shule hazifungwi Oktoba, mzee wangu. Na bajeti bado haijatajwa.

Mama Wawili
Ngoja niwape ya kwangu, mtu asije akadhani Mikumi lazima uone. Ofisini tulichanga tukampa wakala mmoja, jina nalimeza. Kaahidi kutoka saa kumi alfajiri. Coaster imefika saa mbili asubuhi, ndani kuna abiria tusiowajua. Chalinze wakashuka kunywa supu. Morogoro tukamsubiri shemeji yake sijui nani. Getini tumefika saa saba, jua la utosi, kila mnyama mwenye akili yuko kivulini. Hapo ndipo tunagundua wakala hana namba ya malipo, alikuja na pesa mkononi na pale hawapokei taslimu. Tumekaa saa nzima anahangaika na simu, mtandao unakuja na kukata.

Kuingia ndani, vioo vya upande wetu havifunguki, muziki unadunda mpaka swala wanakimbia kabla hatujawafikia. Muongozaji akapiga kelele, "Simba yule!" Baba mmoja alikuwa na darubini, akaangalia, akasema ni kichuguu. Tukasimama kula, mlango umeachwa wazi, dume la nyani likaingia likabeba hotipoti ya chapati yote, likakaa juu ya Coaster linakula huku linatutazama. Mtoto wangu mpaka leo ukimuuliza Mikumi kuna nini, anasema chapati. Kudai fidia, simu haikupokelewa tena.

Mluguru Halisi
Pole dada, lakini hapo kosa ni la wakala, siyo la hifadhi. Na wale nyani wameharibiwa na abiria wa mabasi wanaowatupia ndizi dirishani.

Dereva Mstaafu
Usiwasingizie abiria peke yao. Madereva wa magari madogo ndio wanaosimama kupiga picha na kuwarushia mikate. Sisi wa mabasi tulikuwa na spidi 50 ya kuchunga mle ndani, na yale mabango ya faini za kugonga wanyama, zote kwa dola. Nani angesimama?

Mluguru Halisi
Mzee, basi lililochunga 50 Mikumi mimi sijawahi kulipanda.

Mvita Mwenyewe
Nyinyi mwasumbuka na tope, sie hapa Mombasa twapanda treni hadi Voi, ndovu wa Tsavo wawaona dirishani, wekundu kwa vumbi. Wataka karibu zaidi, Shimba Hills iko palahala, wale swala wakubwa, Kenya nzima hawako kwengine.

Mchunga Nyati
Treni hata sisi tunayo. Tangu 2024 SGR inakufikisha Morogoro, unakodi gari pale. Noah ibaki nyumbani.

Mpanda Vilima
Nyote mnazungumzia vioo vya magari. Mimi ni mtu wa Udzungwa, kule hakuna barabara ndani, unatembea kwa miguu. Kima wa Sanje hapatikani popote duniani ila milima ile. Lakini mtoto wa miaka mitatu hapandi hadi maporomoko ya Sanje, utambeba mgongoni. Kwa familia hiyo ningekwenda msitu wa Jozani, Unguja. Kima punju wamewazoea watu, wanakula majani huku mmesimama chini yao. Wengine huenda vijijini kuokota mkaa wanautafuna, unawasaidia na sumu ya majani ya miembe na mikungu.

Baba Naima
Mkaa?? Mama Naima amesoma hapo na sasa anataka Unguja. Nimeleta mbili mmeniongezea nne.

Binti Pangani
Kima siyo tembo, kaka. Wami bado ipo.

Kijana wa Kasulu
Naomba kuchomekea swali. Shemeji yangu ni Mmalawi, Mikumi atalipa kama sisi?

Dereva Mstaafu
Hapana. Bei nafuu ni ya raia wa Afrika Mashariki, Malawi haimo kwenye Jumuiya. Na nyinyi bebeni vitambulisho vya NIDA.

Kijana wa Kasulu
Na mume wa dada, Mkongo?

Mchunga Nyati
Kongo imeingia Jumuiya 2022, kwa hiyo ni mwenzetu.

Mluguru Halisi
Kwenye karatasi. Abebe pasi, mengine atajieleza getini.