Nyumba ni yangu, lakini raha niliiacha uani Magomeni

Mpangaji wa Zamani anauliza:

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo nimeona haya kuwaeleza jamaa zangu, kwa kuhofia kuonekana sina shukrani. Kwa miaka 9 mimi na mume wangu tulijenga kidogo kidogo Kibaha, mwaka huu saruji, mwaka mwingine bati, huku tukipanga vyumba viwili Magomeni katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Tulihamia kwetu mwezi Februari. Usiku ule nilizunguka chumba hadi chumba nikigusa kuta, na kwa majuma kadhaa niliamka kabla ya adhana ili nisikie tu ukimya wa nyumba yangu mwenyewe. Ilipofika Mei, nyumba ilikuwa nyumba tu. Ninachokikumbuka kila jioni ni ule ua: wanawake wanne juu ya mkeka mmoja, huyu anachambua mchele, yule anakuna nazi, watoto wanaogeshwa kwa zamu, na vitunguu vinakaangwa kwenye majiko ya mkaa yaliyopangwa ukutani. Nilipokuwa pale nilikuwa nikilalamikia moshi. Je, mtu anaweza kuzionja furaha ndogo zikiwa bado mkononi mwake, au huzitambua zikishapita?

Mwalimu wa Dodoma:

Dada, usijilaumu, kwa maana jambo hili limewahi kuchunguzwa. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha utafiti uliowalinganisha watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani, na wengine 22 wa maeneo hayohayo ambao hawakushinda. Tofauti ya furaha baina ya makundi hayo haikuwa kubwa, na jambo lililonigusa zaidi ni kwamba washindi walisema wanapata raha pungufu katika mambo ya kila siku, kama kula kifungua kinywa, kuzungumza na rafiki au kusikia kichekesho. Watu hao walikuwa wachache, kwa hiyo tusiwabebeshe hoja kubwa mno. Hata hivyo naiona hali yako humo. Moyo huzoea kisichobadilika. Ukuta wa leo ndio ukuta wa jana, ilhali mazungumzo ya uani yalikuwa mapya kila jioni, na hukuyapangia wala kuyasubiri.

Mzee wa Barazani, Unguja:

Mwanangu, nina miaka 71 na ninaishi Mji Mkongwe. Kila siku baada ya swala ya alasiri huketi barazani na wenzangu, muuza kahawa akatumiminia kahawa chungu kutoka kwenye dele lililo juu ya makaa. Finjani haina mkono, nayo ni moto, kwa hiyo huishika kwa ncha za vidole na kunywa funda dogo dogo, kisha unatafuna kashata ya karanga huku ukitazama bao linavyochezwa. Nadhani ule udogo wa finjani ndio unaotukalisha, kwani ingekuwa bilauri kubwa kila mmoja angeondoka nayo. Mwaka jana goti lilinizuia kutoka kwa miezi miwili. Mke wa mwanangu, Mungu ambariki, akanipikia kahawa nzuri yenye tangawizi, nami nikainywa peke yangu chumbani bila kuona ladha yake. Hapo nilitambua kwamba nilichokuwa nikikifuata barazani ni ile saa na wale watu, na kwamba kahawa ilikuwa sababu ya kukutana. Usingoje majirani wakualike. Toa mkeka nje, na uutoe saa ileile kila siku.

Anayemuuguza Mama:

Nayakubali yaliyosemwa, lakini naomba tusizigeuze furaha hizi kuwa dawa ya kila kitu. Mama yangu alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, nami ndiye ninayemwogesha na kumlisha. Watu wanaponiambia nifurahie madogo, mara nyingi huwa nasikia kwamba wanataka nisiseme nimechoka. Nimechoka. Pamoja na hayo, kila asubuhi nampaka mama mafuta ya nazi kichwani na kumsuka, naye huimba kwa kuguna wimbo ambao maneno yake hayawezi tena, na dakika hizo sitaki mtu anizungumzishe wala simu iwe karibu. Hazinipunguzii kazi hata kidogo, ila ni zangu. Kwa hiyo, dada, usijutie kulalamikia moshi. Moshi ulikuwa unaumiza macho, na wale wanawake walikuwa wazuri, yote mawili kwa pamoja.

Mpangaji wa Zamani:

Shikamoo, mzee wangu, na asanteni nyote. Wewe unayemuuguza mama, nimeyasoma maneno yako mara tatu, na pole sana. Jumamosi jioni nilitandika mkeka nje ya uzio, nikatoka na mbuzi na nazi mbili. Siku ya kwanza hakuja mtu. Jumapili jirani wa nyumba ya pili, ambaye tangu Februari tulikuwa tukipungiana mikono tu, alikuja na ungo wake wa mchicha, akaketi bila kukaribishwa, akanitazama kidogo, kisha akaniambia kwamba nakuna hadi kwenye kifuu na tui langu litakuwa jeusi.