Naombeni ushauri: rais wa klabu ameahidi mifuko 40 ya saruji kwa makaburi ya Tongoni

Katibu Mchovu:
Wakuu habari zenu. Mimi ni katibu wa klabu moja ya huduma kwa jamii hapa Tanga. Tunakutana kila Alhamisi, tunakula, tunachangishana, tunajengea shule vyoo, mambo ya hivyo. Juzi nilipendekeza tumwalike mzee mmoja, mwalimu mstaafu anayeijua historia ya mji huu, maana tumechoka kusikiliza mawakala wa bima.

Alipewa dakika 20, akaenda 50, na hakuna aliyeangalia saa. Jamaa mmoja alitaka simulizi ya nyuki waliowashambulia askari kwenye vita vya Tanga vya Novemba 1914. Mzee akamwambia nyuki wana wasemaji wengi, yeye amekuja kuwasemea wa Tongoni wasio na msemaji. Basi akatupeleka kwa maneno kwenye magofu hayo ya kale nje ya mji: makaburi zaidi ya 40, msikiti wa mawe usio na paa, nguzo za makaburi zilizolala chini. Akatueleza kuwa mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India, aliichoma meli yake São Rafael karibu na pwani hiyo kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Mimi nimezaliwa Makorora na sikuwahi kulisikia hilo.

Mwisho akaomba mambo mawili tu: twende tukapaone, na apatikane mtu wa kumsaidia kunakili picha na madaftari yake kabla mchwa hawajamaliza kazi.

Rais wetu akasimama kutoa shukrani. Akatangaza kwamba klabu itatoa mifuko 40 ya saruji, makaburi yajengwe vizuri na yapigwe rangi. Makofi! Mzee alinyamaza, akawa anakitazama kikombe chake. Nilipomsindikiza hadi kwenye bajaji akaniambia, "Mwanangu, saruji ile msiilete." Hakuongeza neno.

Rais ni mama mtu mzima, yeye ndiye aliyeniingiza kwenye klabu, na picha ya makofi iko tayari kwenye kundi la WhatsApp. Namwambiaje?

Mvuvi wa Nchi Kavu:
Rangi gani sasa, ya kijani au ya mtandao wa simu? 😂

Fundi wa Shangani:
Mkuu, mzee wako kasema kweli. Mimi ni fundi wa majumba ya zamani huku Unguja. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua. Unyevu wenye chumvi unapanda kutoka ardhini, unapita kwenye ukuta na kutokea nje. Ukipiga plasta ya saruji umeuziba mlango. Chumvi inabaki ndani, inakauka na kuwa fuwele, inalisukuma jiwe mpaka linakuwa unga. Miaka michache mbele plasta inabanduka, na inabanduka na jiwe lake. Nimeshavua plasta za namna hiyo. Nyuma yake unachota mchanga kwa kiganja.

Saruji pia ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Ukuta ukicheza kidogo, kinachopasuka ni jiwe la miaka mia tano, si saruji yako ya jana.

Kazi ile inataka chokaa iliyochomwa tanurini na kulowekwa muda mrefu. Huku kwetu tunachanganya na udongo mwekundu. Na anayeishika awe fundi anayeijua, si kila mwenye mwiko.

Bint Chumbageni:
Kabla ya saruji na chokaa kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na Tongoni ni ya karne ya 14 na 15 huko. Hugusi bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, hata kama nia yako ni safi kama maji ya Amboni. Mwambie rais kwamba picha ya wanaklabu na miko mikononi inaweza kuwa ushahidi.

Mzalendo Halisi:
Mnakuza mambo. Bora saruji kuliko kuacha yaanguke. Serikali yenyewe iko wapi?

Fundi wa Shangani:
@Mzalendo Halisi, mgonjwa hana daktari, kwa hiyo apewe sumu?

Kibokoni Old Town:
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu katibu, usianze na sheria, wala usimwambie mkutanoni. Mama mtu mzima ukimkosoa mbele za watu atashikilia saruji yake hadi kiama. Mpeleke akaone kwanza. Mchukue na mzee, wakae garini pamoja, wewe nyamaza. Kisha mpatie mahali pengine pa kuipeleka ahadi yake. Shule ya pale kijijini haina choo kibovu? Ahadi ilikuwa mifuko arubaini kwa watu wa Tongoni. Walio hai pia ni watu wa Tongoni.

Bint Chumbageni:
Huyu wa Mombasa apewe ubalozi.

Mama Kashata:
Mimi nauliza, huyo mzee mlimpa nauli?

Katibu Mchovu:
@Mama Kashata, tulimpa kalamu na kibendera cha klabu. Naona aibu kuandika hivi. Jumamosi nimeirudisha heshima, nimekwenda kwake na mchele na sukari.

Mrejesho wakuu. Jumapili tulikwenda, kilomita 20 hivi barabara ya Pangani. Nilinyamaza kama nilivyoelekezwa. Mzee alimwonyesha rais viduara kwenye nguzo, mahali palipokuwa na mabakuli ya kauri. Rais akaingiza vidole kwenye kimoja, akakaa hivyo muda, halafu akauliza, "Maalim, sisi tungepaka rangi hapa?" Mzee akajibu, "Mngepaka, mama, kwa moyo mzuri." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, nilikuwa najifuta jasho.

Saruji inakwenda shule ya msingi. Barua kwa Mambo ya Kale ameiandika rais mwenyewe, anauliza klabu inaruhusiwa kufanya nini, hata kama ni kufyeka nyasi tu chini ya usimamizi wao. Kimebaki lile ombi ambalo tulilipigia makofi bila kulisikia: madaftari saba, mengine kwa herufi za Kiarabu, na bahasha tatu za picha. Mwenye skana kubwa hapa Tanga, inayoweza kulaza daftari bila kulivunja mgongo, ani-PM. Na anayesoma vizuri Kiswahili cha herufi za Kiarabu pia. Chai na nauli zipo, safari hii.