Kando ya Themi: nani mvamizi, aliyekuwapo au jiji lililomfuata?

Wadau, kuna neno linanikera kila tukizungumzia mto Themi wetu hapa Arusha na watu wanaoishi na kulima bondeni kwake: mvamizi. Maji yakifurika huku chini Lemara, mvamizi. Kiangazi mto ukibaki uzi, mvamizi. Juzi jirani yangu kanieleza kwamba yeye kiwanja chake ana hati, wale wa bondeni hawana hata karatasi, basi wapishe mita 60 na mjadala ufungwe. Mimi nasema usifungwe.

Sheria siipingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sote tunajua mto uliovuliwa miti unaishia wapi. Ninachokataa ni kuhesabu historia ya watu kuanzia 2004.

Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1900, mteremko huu wa Meru ulishakuwa na migomba na mifereji. Waarusha walitoa maji mtoni, wakayagawa kwa zamu, na wazee ndio walioamua leo ni zamu ya nani. Hata majina yanashuhudia: Ngarenaro ni "maji meusi" kwa Kimaasai, na leo ni kata ya maduka na gereji, wengi wanaokaa pale hawajui kama wanautaja mto. Reli ya kutoka Moshi ikafika 1929, mji ukazidi kupanuka. Bibi yangu mzaa mama alilima mahindi na maharage kwenye bonde la Themi. Hakuhamia mjini hata siku moja. Mji ndio uliomfuata shambani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wengi wanapopitiliza. Kijiji kina mkutano mkuu, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mkutano huo una kauli juu ya ardhi. Kijiji kikigeuzwa mtaa, kauli ile inaondoka. Mwenyekiti wa mtaa anabaki na muhuri wa kugonga barua za utambulisho. Mambo ya ardhi yako halmashauri. Ambaye shamba lake halikupimwa mapema anaamka asubuhi akiwa palepale alipozaliwa, ila hana karatasi ya kuonyesha. Hiyo ndiyo "karatasi" ambayo jirani yangu anaidai.

Mkoa huu una kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa Engare Nanyuki kupisha walowezi, na 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akalifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Sisemi mita 60 ni ukoloni. Kulinda mto ni jambo jema, na wakoloni wale walikuwa wanapora. Lakini aliyeondolewa mahali pa babu yake haulizi kwanza nia ya anayemwondoa.

Kuna wanaosema wakulima wa mchicha ndio wanaochafua. Mto unapita katikati ya jiji kabla ya kufika kwao! Unakuja na oili ya gereji, mifuko na uchafu wa mitaro, halafu lawama anabeba aliye chini.

Pendekezo langu: miti irudi mita 60 zote, nyumba za kudumu zisiwepo. Lakini familia ambayo wazee na majirani wanathibitisha ilikuwapo kabla ya mtaa ilipwe fidia ya ardhi yenyewe, siyo ya migomba peke yake. Na ikitaka, ipewe kazi ya kuitunza hiyo miti, kwa sababu inaujua mto kuliko yeyote.

Asiyekubali aje na hoja. Ila kwanza nina swali kwa wazee wa Moshono, Muriet na Olasiti: vijiji vyenu vilipogeuzwa mitaa, mliitwa mkutanoni? Muhtasari wa mkutano huo uko kwa nani?