Yule jamaa wa mifuko ya kulalia, leo kaniambia nikafuge kuku

MvuaYaBujuku:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka na si kwa baridi. Mnamjua, simtaji. Yule wa Kampala mwenye turubai la bluu na bidhaa zinazoning'inia kama popo. Nusu yenu hapa mmeshanunua kwake kitu kikachanika kabla hamjafika kituo cha taxi.

Nimemuuliza swali moja, tena kwa adabu: huu mfuko wa poliesta, mtu analala kwa raha mpaka digrii ngapi? Akashika lebo, akaibandika kidole gumba, akatangaza kwa sauti ya mhubiri: "Mainasi kumi na sita!" Nikamwambia atoe kidole. Hatoi. Na kidole chenyewe, jamani, kipana kama mwiko wa kusongea posho, kinaweza kufunika Bundibugyo nzima kikabakiza kivuli Kongo. Nikakisukuma. Chini yake kuna namba mbili: +4 na -1. Hapo akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, watu wanasikia, akasema: "Nnyabo, kama unaogopa baridi kafuge kuku."

Kafuge kuku! Na nnyabo, yaani bibie, ameitanguliza, kwa heshima zote.

Lebo ya kipimo cha ISO 23537 (zamani EN 13537) ina namba tatu za baridi, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza, hiyo +4, ni ya raha: mwanamke wa kawaida analala amejinyoosha bila kusikia baridi. Ya pili, -1, ni mwisho wa mwanamume wa kawaida aliyejikunja, kwa saa nane. Ya tatu, -16, ni mwanamke kubaki hai saa sita huku mwili ukiwa hatarini kupoa kupita kiasi. Kubaki HAI. Hiyo ni namba ya jeneza, na ndiyo aliyonisomea. Mfuko wa +4 upeleke kambi ya Nyabitaba kule Rwenzori, mita 2651, utalala vizuri tu. Ukiupandisha mpaka kambi ya Elena, mita 4541, joto linashuka kama digrii 6 na nusu kwa kila mita 1000. Piga hesabu: ni digrii 12 chini ya ulikotoka. Kidole gumba hakitakufunika huko.

Kisha, kunionyesha ubora, akaupigia goti ule mfuko, akaukunja mpaka ukawa kama rolex ya asubuhi, ile chapati ya mayai, akaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. "Ona ulivyo mdogo!" Inaonekana umefungwa hivyo tangu mvua za mwaka juzi. Poliesta ikikandamizwa miezi yote hiyo, nyuzinyuzi zinavunjika mgongo, hazivimbi tena. Unanunua shuka lenye zipu.

Kafuge kuku. Sijui nimjibu nini, nimerudi mpaka nyumbani jibu bado halijaja.

Matoke_Mawili:
Kuku wangapi alisema?

KambaNaKigingi:
Dada pole, lakini na wewe umeanza mwisho. Lebo ni karatasi, inaweza kushonwa na yeyote. Anza na mizani. Mfuko wa poliesta wa raha ya digrii 0 kwa kawaida una kilo 1.2 hadi 1.8. Ukipewa wa gramu 700 unaojiita mainasi kumi, rudisha hapo hapo bila kuuliza lebo. Jirani yake anauza maharage, mizani ipo.

Pili, utoe kwenye kifuko chake, uutandaze, ukae nusu saa. Ongea naye siasa wakati huo. Ukirudi, weka rula. Upande wa juu peke yake usipofika sentimita 3, huo ni wa kulalia Entebbe. Kisha uinue kwenye jua uangalie kwa ndani: ukiona madoa meupe yanayopitisha mwanga, pale nyuzinyuzi zimehama na baridi itaingilia hapo hapo usiku kucha.

MvuaYaBujuku:
Nusu saa kwa mtu aliyeniambia nikafuge kuku? Kidole hakikutoka kwenye lebo kwa dakika nzima!

Mwamba_Kasese:
Hapo kwenye kuhama kwa nyuzinyuzi watu wengi wanapita haraka. Ujazo wa poliesta ni wa aina mbili. Kuna ule wa uzi mrefu usiokatika, unakuja kama blanketi moja zima, unashonwa pembeni tu na hauhami. Na kuna wa vipande vifupi kama pamba ya mto: laini, unakunjika mdogo, lakini bila mishono ya karibu karibu unajikusanya miguuni kama wezi. Sasa mishono nayo ina dhambi yake. Ikipenya kutoka nje hadi ndani, kila mstari wa uzi ni mahali ambapo ujazo umebanwa mpaka sifuri, na baridi inafuata mstari huo huo. Mfuko wa milimani una tabaka mbili za ujazo zilizopishana, mishono ya juu haikutani na ya chini. Bana kitambaa cha nje kwa vidole viwili na cha ndani kwa vidole viwili, vivute mbali. Vikiachana, sawa. Vikivutana pamoja kila mahali, ni wa Jinja kando ya mto.

Halafu zipu. Kwa ndani lazima kuwe na mkanda ulionona unaoifunika urefu wote. Vuta zipu mara kumi haraka. Ikila kitambaa mara mbili hapo dukani, saa nane usiku ukitaka kukojoa utalia.

Nnyabo_wa_Mbale:
Mnamtetea tu huyo jamaa kwa ufundi mwingi. Mimi nasema ana haki. Mtu anayesukuma kidole cha mwenzake sokoni anafaa kuku.

KambaNaKigingi:
😂😂😂 tena kuku wa kienyeji, wanaojitafutia.

Mivumba_Original:
Kwani nani aliwatuma kwa turubai la bluu? Nendeni soko la Owino siku wanapofungua mabalo ya mitumba. Mivumba, yaani mitumba, ya mifuko ya kulalia ipo, lakini jueni mnachotafuta. Iliyofuliwa kwa mashine ya mhimili wa katikati utaigundua: mabonge ndani, mishono imekatika. Ukiipata nzima, ifue kwenye beseni, maji vuguvugu, sabuni ya maji vijiko viwili, suuza mpaka povu liishe kabisa. Jiki usitie, dawa ya kulainisha nguo usitie, inagandisha nyuzinyuzi. Kuinua, ingiza mikono yote miwili chini kama unabeba mtoto, maana ukiinyanyua kona moja uzito wa maji unararua ndani. Kavu kivulini. Na pasi ISIKARIBIE, kitambaa kinayeyuka. Kuihifadhi, mfuko mkubwa wa pamba au itundike tu.

Matoke_Mawili:
Manyoya ya bata si mepesi zaidi? Kwa nini tubebe kilo nzima ya plastiki?

Mwamba_Kasese:
Ni mepesi, na Rwenzori yanageuka uji. Manyoya yakilowa yanashikana mabonge na joto linaondoka. Poliesta ikilowa bado ina unene kiasi, unaikamua, inakauka. Lakini msidanganyane kwamba ni koti la mvua. Kavera mbili za plastiki, moja ndani ya nyingine, kabla haijaingia begini.

Nnyabo_wa_Mbale:
Mnalia na mfuko wakati kinachowaua ni chini. Elgon unalala hemani, na hao hao wauzaji wanakupa mkeka wa mazoezi wa milimita 5 wanasema ni godoro la kambi. Upande wa chini wa mfuko umelaliwa, umebanwa, hauna joto la maana. Joto la chini linatoka kwenye mkeka, na ndiyo maana mfuko wa lebo nzuri unaonekana mwongo. Yule wa KWANGU, wa Mbale, aliukata mkeka kwa kisu uenee kwenye begi lake la kuuzia. Begi! Miguu yote nje! Huyo ndiye wa kuanzishiwa uzi.

Gambuti45:
Na wa gambuti je? Mnataka kuzungumzia mateso? Bonde la Bujuku huko Rwenzori ni tope, bila gambuti huendi, na kila duka ukiuliza 45 unaambiwa "vaa 43 zitaachia". Gambuti haziachii! Ni mpira! Unatakiwa kununua namba moja JUU, uweke soksi mbili nzito na soli ya ziada, kidole kisigonge mbele wakati wa kushuka. Kucha nyeusi zote za Kasese zinatoka kwa mtu mmoja, na mnamjua.

KambaNaKigingi:
Tunamjua. Alisema hata kwangu "zitaachia".

Mivumba_Original:
Huyo ni shemeji yake na yule wa turubai la bluu.

Gambuti45:
NILIJUA.

MvuaYaBujuku:
Samahani, huu uzi ni wa KIDOLE GUMBA. Amenifunika +4 mchana kweupe. Ameniambia nikafuge kuku.

Matoke_Mawili:
Sasa tuulize vizuri, kuroiler, wale chotara, au wa mayai? Maana mtaji si sawa.

Nnyabo_wa_Mbale:
Kuroiler, wanavumilia. Ila baridi ndiyo inaua vifaranga kuliko njaa. Wiki ya kwanza banda liwe digrii 32 hadi 35, kisha unapunguza kama digrii 3 kila wiki mpaka manyoya yatoke. Wakijibanza chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani, umewachoma.

Gambuti45:
Na bandani unaingia na gambuti namba ngapi?

MvuaYaBujuku:
Mnanikera.

Vifaranga hamsini wanataka taa ngapi? Nauliza tu.